Posta ya Mashamba na Gharama ya Umbali

Katika kazi ambazo serikali huwafanyia raia wake, ziko zilizo kubwa machoni na ziko zilizo ndogo. Jeshi, mahakama na reli ni mambo makubwa. Barua ni jambo dogo. Lakini aghalabu jambo dogo ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi serikali inavyowahesabu watu wake. Jeshi hulinda mpaka wote kwa pamoja, wala halimwulizi mtu mmoja mmoja mahali anapokaa. Barua haina budi kumfikia mtu mmoja, kwa jina lake, mahali pake. Mtu huyo akiwa anakaa mbali, mahali pasipo na majirani wengi wala njia nzuri, gharama ya kumfikishia barua huipita mara nyingi thamani ya stempu iliyobandikwa juu yake. Hapo ndipo linapozuka swali: tofauti hiyo ilipwe na nani? Ilipwe na mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayekaa mbali? Ilipwe na watu wa mjini, kwa stempu zao? Au ilipwe na hazina ya serikali, yaani na wote?

Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, lakini ni chache zilizolijadili kwa muda mrefu na kwa uwazi kama Marekani. Katika muda wa zaidi ya karne moja na nusu nchi hiyo imejaribu majibu yote matatu, moja baada ya jingine. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuifuata barua yake katika sanduku la posta, akumbuke kwanza kuwa habari hii ni ya huduma ya namna nyingine: ni ya tarishi anayeleta barua mpaka penye makazi ya mtu.

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyobadili mambo mawili. Kwanza, ada ya barua ilifanywa kuwa moja kwa nchi nzima, wala umbali haukutazamwa tena. Pili, kuanzia tarehe 1 Julai mwaka ule, matarishi wa serikali walianza kupeleka barua nyumbani kwa watu, bila ya malipo ya ziada, katika miji 49. Jambo la kwanza lilimfaa mtu wa mbali. La pili lilimfaa mtu wa mjini peke yake. Mwaka 1887 sheria iliruhusu huduma hiyo ifike katika miji yenye watu 10,000, na hapo iliposimama mkulima alikuwa bado yuko nje. Naye hakuwa mtu wa kundi dogo. Mwaka 1890 watu karibu milioni 41, yaani 65 katika kila 100, walikaa nje ya miji. Stempu ya barua, ambayo tangu mwaka 1883 ilikuwa senti 2, ilinunuliwa kwa bei ileile mjini na shambani. Mmoja akiinunua aliletewa barua mlangoni. Mwingine akiinunua alitandika farasi akaifuata barua yake mwenyewe.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Ofisi ya posta ya kijijini mara nyingi ilikuwa pembe moja ya duka, na mwenye duka ndiye aliyekuwa msimamizi wa posta. Cheo hicho kilitolewa kwa wafuasi wa chama kilichoshika serikali, hata chama kikibadilika ofisi huweza kuhama kutoka duka hili kwenda duka lile. Katika majira ya matope na ya theluji mkulima alikaa wiki nzima au zaidi bila ya kujua kama ana barua. Gazeti lilimfikia habari zake zimekwisha chakaa, na bei ya nafaka iliyoandikwa ndani yake ilikuwa imekwisha kubadilika. Akienda posta, alipoteza nusu ya siku au siku nzima ya kazi. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la serikali. Kwa hiyo mtu wa mjini aliyetazama hesabu za posta aliweza kusema kwa moyo mweupe kuwa shamba halina gharama. Gharama ilikuwako, ila ilikuwa ikilipwa na mkulima, kwa siku zake, kimya kimya.

Haifai kudhani kuwa serikali ilikuwa haijatumia fedha kabisa kwa ajili ya watu wa mbali. Barua zilikuwa zikichukuliwa kutoka ofisi hata ofisi, katika nyika na milima ya magharibi, na wakandarasi waliolipwa na hazina. Sheria ya mwaka 1845 iliagiza kazi hiyo apewe mwenye kutaka malipo madogo zaidi, mradi awe na uwezo wa kuifanya kwa upesi, kwa uhakika na kwa usalama. Makarani, kwa kuchoka kuyaandika maneno hayo matatu kila mara, waliweka nyota tatu mahali pake, na njia hizo zikaitwa njia za nyota. Lakini fedha inayotumika mbali na macho ni rahisi kuibwa. Katika miaka ya 1870 baadhi ya wakandarasi walishirikiana na wakubwa wa Idara ya Posta: walijipatia kandarasi kwa bei ya chini, kisha wakaongezewa malipo makubwa kwa hoja kuwa njia zinahitaji safari nyingi zaidi na mwendo wa kasi zaidi, hali njia zenyewe zilipita mahali penye barua chache mno. Jambo hilo lilifichuliwa mwaka 1881. Kesi zilisikilizwa mwaka 1882 na 1883, na washtakiwa wakubwa wakaachiliwa. Tangu hapo kila aliyesimama Bungeni kuomba fedha kwa ajili ya posta ya mbali alikutana na kumbukumbu hiyo, na wapinzani walikuwa na sababu ya haki ya kuogopa.

Aliyelivalia njuga jambo la mkulima alikuwa John Wanamaker, mfanyabiashara mkubwa wa Philadelphia, aliyekuwa Mkuu wa Posta wa nchi kutoka mwaka 1889 hata 1893. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ni heri mtu mmoja azunguke na barua za watu hamsini kuliko watu hamsini kufunga safari hamsini kuzifuata barua zao. Wenye maduka ya vijijini walimtilia shaka. Waliona kuwa mtu mwenye duka kubwa la mjini akitaka kumpelekea mkulima barua, kesho atataka kumpelekea na bidhaa. Shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu, wala haikuifanya hoja yake kuwa ya uongo. Vyama vya wakulima, hasa kile kiitwacho Grange kilichoanzishwa mwaka 1867, vilishika neno hilo vikalidai kama haki.

Mwezi wa Januari 1892 mbunge James O'Donnell wa Michigan alipeleka Bungeni mswada wa kutoa dola milioni 6 kwa kazi hiyo. Mswada ulianguka. Mwaka uliofuata mbunge Thomas Watson wa Georgia, mtetezi wa wakulima katika chama cha Populist, alifaulu kuingiza katika sheria dola 10,000 tu za kufanyia majaribio. Watson huyu ni mtu wa kuandikwa kwa uangalifu, maana katika maisha yake ya baadaye aligeuka kuwa adui mkali wa watu weusi na wa Wayahudi. Jambo jema linaweza kupita katika mikono isiyo safi, na historia hailazimiki kuisafisha mikono hiyo ili kulikubali jambo. Mkuu mpya wa Posta, Wilson Bissell, alikataa kuzitumia fedha hizo, kwa kuona kuwa ni kidogo mno kwa jaribio, na kuwa huduma yenyewe, ikienea, ni mzigo usiobebeka. Bunge liliongeza fedha, hata zikafika dola 40,000, na Bissell akaondoka. Aliyemfuata, William L. Wilson, hakuwa na imani kubwa juu ya jambo hilo, lakini aliitii sheria. Alichagua jimbo lake mwenyewe la West Virginia, na tarehe 1 Oktoba 1896 matarishi watano walitoka Charles Town, Halltown na Uvilla kupeleka barua mashambani.

Ndani ya mwaka mmoja njia zilikuwa 44, katika majimbo 29. Utaratibu wake ulikuwa huu: wakulima wa mahali waliandika ombi, wakalitia saini, wakampelekea mbunge wao; mkaguzi wa posta akaja akaipima njia. Njia iliyopendeza ilikuwa ya maili 25 hivi, yenye nyumba zisizopungua 100. Tarishi alikuja na farasi wake na gari lake mwenyewe. Mkulima naye aliweka sanduku kando ya njia. Mwanzoni watu waliweka chochote walichokuwa nacho: makopo ya mafuta ya nguruwe, debe za asali ya miwa, makasha ya sabuni, hata serikali ikalazimika kutoa kanuni juu ya sanduku lifaalo. Tarishi hakuleta barua tu. Aliuza stempu, aliandikisha barua za thamani, alipokea fedha za hawala. Ilikuwa kana kwamba ofisi ya posta imewekwa juu ya magurudumu. Tarehe 1 Julai 1902 huduma hiyo iliacha kuwa jaribio ikawa kazi ya kudumu ya serikali.

Sharti moja la serikali lilizaa matunda makubwa kuliko barua zenyewe. Idara ya Posta ilikataa kufungua njia mahali ambapo barabara haipitiki katika majira yote. Wakulima waliokuwa wamevumilia matope kwa miaka mingi sasa waliyaona matope kuwa ndiyo yanayowanyima haki yao. Katika wilaya moja ya Indiana wakulima walitoa mfukoni mwao zaidi ya dola 2,600 kusawazisha barabara na kuitia changarawe ili wastahili kupata tarishi. Kati ya mwaka 1897 na 1908 serikali za mahali zilikadiriwa kutumia dola milioni 72 kwa madaraja, makalvati na matengenezo mengine ya njia. Mwaka 1912 Bunge lilitoa dola 500,000 kwa majaribio ya kutengeneza barabara za posta, na mwaka 1916 likapitisha sheria ya kuyasaidia majimbo kujenga barabara, kwa dola milioni 75 katika muda wa miaka mitano. Mtu anayeihesabu posta ya mashamba kuwa ni hasara kwa kutazama stempu peke yake huziacha barabara hizo nje ya hesabu yake, ingawa huenda yeye mwenyewe husafiri juu yake.

Hata hivyo wako waliopoteza. Mwaka 1901 nchi ilikuwa na ofisi za posta 76,945, na idadi hiyo haijafikiwa tena. Tarishi alipopita kwenye malango ya watu, ofisi ndogo zilianza kufungwa kwa maelfu. Kufika mwaka 1950 zilikuwa zimebaki kama 41,000. Pamoja na ofisi yalikwenda maduka, na pamoja na maduka, mahali pengi, lilikwenda jina la kijiji. Watu waliokuwa wakikutana kusubiri barua na kupashana habari walipata barua zao, lakini walipoteza baraza yao. Mwenye duka alizidi kuumia tarehe 1 Januari 1913, posta ilipoanza kuchukua vifurushi vikubwa. Kabla ya hapo kifurushi cha zaidi ya ratli 4 kilikuwa kazi ya makampuni ya uchukuzi, ambayo hayakuona faida ya kumfuata mkulima shambani. Katika miezi sita ya kwanza posta ilichukua vifurushi kama milioni 300. Maduka makubwa ya Chicago, yaliyouza kwa orodha za bidhaa, sasa yaliweza kumfikia mkulima wa mwisho kabisa.

Lakini hasara ya mwenye duka si lazima iwe hasara ya kijiji. Katika majimbo ya kusini mwenye duka alikuwa mara nyingi pia mkopeshaji, na mkulima mweusi aliyemdai posta yake alisimama mbele ya mtu ambaye tayari alikuwa na deni kwake. Jinsi mamlaka ya posta yalivyogombewa huko ilionekana tarehe 22 Februari 1898 katika Lake City, South Carolina: Frazier Baker, mtu mweusi aliyekuwa amewekwa kuwa msimamizi wa posta, alishambuliwa usiku na kundi la watu weupe, akauawa pamoja na mtoto wake mchanga, na jengo lililokuwa posta na nyumba yake likateketezwa. Katika nchi ya namna hiyo, barua au orodha ya bidhaa inayofika moja kwa moja katika sanduku la mtu ilikuwa na maana zaidi ya wepesi wa kununua. Iliondoa jicho la mtu mwingine kati ya raia na ulimwengu. Haikuuondoa ubaguzi, lakini iliupunguzia mlango mmoja.

Kwa miaka zaidi ya sabini, basi, jibu la pili lilitawala: hazina ya serikali ililipa kilichopungua. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuigeuza Idara ya Posta kuwa shirika linalojitegemea, nalo likaanza kazi tarehe 1 Julai 1971. Sheria hiyo ilitamka maneno mawili yasiyopatana kwa urahisi. Ilitaka shirika lijilipie gharama zake kwa mapato yake. Tena ilitaka liwape watu wa mashamba na wa miji midogo huduma kamili, hata mahali ambapo ofisi ya posta haijitoshelezi, na ikakataza ofisi ndogo kufungwa kwa sababu ya hasara peke yake. Ili maneno hayo mawili yakae pamoja, sheria iliruhusu hazina itoe dola milioni 920 kila mwaka katika miaka ya kwanza, kisha kiasi hicho kipungue. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 posta imeacha kupokea msaada huo wa kila mwaka. Wajibu ulibaki, mlipaji akabadilika: kilichokuwa kikilipwa na hazina sasa kililipwa na kila aliyenunua stempu.

Mabadiliko hayo hayakuhisiwa sana kwa muda, maana barua zilikuwa nyingi. Kijiji cha Supai, cha Wahindi wa Havasupai, kilicho chini katika bonde la Grand Canyon, kimeendelea kuletewa barua na vyakula kwa msafara wa nyumbu, kwa njia ya maili 8 inayoteremka kutoka ukingoni, hata katika karne ya 21. Katika Alaska, ambako vijiji vingi havifikiwi kwa barabara, ulianzishwa katika miaka ya 1970 utaratibu wa kusafirisha vyakula na bidhaa kwa ndege kwa ada ya posta, kwa mizigo isiyopungua ratli 1,000, na tofauti ya gharama ikabebwa na posta. Mwandikaji wa barua wa New York alichangia unga wa mtu wa Alaska bila ya kujua.

Jibu hilo la tatu lina udhaifu wake: linategemea watu waendelee kuandika barua. Mwaka 2001 posta ya Marekani ilichukua barua za daraja la kwanza karibu bilioni 104. Mwaka 2023 zilikuwa bilioni 46. Kisima kilipopungua maji, wa kwanza kuona kiu alikuwa mtu wa mbali. Mwaka 2011 shirika lilitangaza kuwa linachunguza ofisi kama 3,700, nyingi za mashambani, ili ione kama zifungwe. Watu walilalamika, na mwaka 2012 ikaamuliwa kuwa badala ya kuzifunga, ofisi ndogo kama 13,000 zipunguziwe saa za kazi. Mwaka 2022 Bunge liliifutia posta sehemu kubwa ya madeni na kuagiza kuwa barua ziendelee kupelekwa siku sita kwa wiki. Mjadala wenyewe haukufutwa.

Iko hoja ya kupinga inayostahili kusikilizwa. Kwa nini kibarua maskini wa mjini alipie barua ya tajiri mwenye ng'ombe elfu, aliyejitenga kwa hiari yake? Hoja hii ina uzito, na ingalikuwa ya kumaliza maneno kama watu wote wa mbali wangalikuwa ni matajiri waliojitenga. Lakini Wahavasupai hawakuchagua kukaa bondeni kwa anasa, na mkulima wa mwaka 1896 alikaa mbali kwa kuwa ardhi iliyolisha mji ilikuwa mbali. Tena kibarua huyo huyo alikula mkate wa ngano ya shamba, na barua aliyoituma kwa mamaye kijijini haikuwa na thamani kwake mpaka imfikie. Barua ina ncha mbili. Anayelipia ncha ya mbali hulipia na ya kwake.

Historia hii yote inathibitisha jambo moja, kwamba gharama ya umbali haifutiki, huhamishwa tu. Kabla ya mwaka 1896 ilikuwa juu ya mkulima, aliyeilipa kwa siku za kazi. Kisha ilikuwa juu ya hazina, iliyoilipa kwa kodi. Baada ya mwaka 1971 ilihamia juu ya waandikaji wa barua, na barua zinapopungua inarudi polepole kwa mtu wa mbali, kwa sura ya ofisi inayofunguliwa saa mbili kwa siku. Katika njia hizo, ile ya hazina ndiyo iliyolaumiwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoonekana zaidi. Fedha yake iliandikwa, ikajadiliwa na wabunge kwa majina yao, na ilipoibwa katika njia za nyota wizi wenyewe ulipatikana katika madaftari. Siku za mkulima hazikuwa na daftari. Taifa likitaka kuupunguza mzigo huo lina haki ya kufanya hivyo, lakini halina budi kusema wazi mzigo utakaopunguzwa hapa utatuliwa juu ya mabega ya nani.